Mbebe Ndugu Yako Kama Trei ya Mayai

Nawasalimu nyote, wa Sirari na wa Isebania, mliovuka mpaka na mliotupokea.

Wengi wetu tumeshasafiri na trei ya mayai, mayai 30 mapajani. Gari likirushwa kwenye tuta, moyo unaruka! Sasa hebu fikiri. Kuku mzima, kilo mbili, anayalalia mayai siku 21 na hayapasuki. Mbona wewe ukiligonga kidogo tu kwenye ukingo wa bakuli, linapasuka? Ganda la yai limejikunja kama tao, linahimili uzito uliosambaa. Lisichohimili ni pigo moja mahali pamoja.

Na binadamu ndivyo alivyo. Amebeba msiba, amebeba madeni, amekosa kazi, bado anakuja kwenye maombi. Kisha neno moja linampasua.

Ndugu zangu, mimi nimepasua. Kijana wetu mmoja, mpiga kinanda, aliteleza. Nikamkemea madhabahuni, watu wote wakisikia. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini Jumapili iliyofuata kinanda hakikuwa na mtu. Nikamfuata kwao ng'ambo, mara mbili. Alinikaribisha chai, akasema, "Mtumishi, nimeshakusamehe." Lakini hakurudi. Ndipo nikaelewa kwamba unaweza kusamehewa kabisa, na yai likabaki limepasuka.

Wala sisemi tufunike dhambi, hapana! Bwana wetu mwenyewe alitupa utaratibu katika Mathayo 18: ndugu akikukosea, mwendee kwanza, wewe na yeye peke yenu. Mimi nilianzia mwisho. Na Paulo katika Wagalatia 6 anaagiza aliyeanguka arejeshwe kwa upole, kisha papo hapo anasema tuchukuliane mizigo. Umeona? Uzito unasambazwa!

Basi kabla ya kumkemea mtu, kaa naye kwanza. Uliza nyumbani kwake wamekula nini. Omba naye. Halafu sema ile kweli yote, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.

Katika sikukuu hii tunahesabu miaka na tunamshukuru Mungu. Lakini wewe unayesoma, hesabu na viti vilivyo wazi. Yupo mmoja unayemjua. Usingoje mwakani. Vuka mpaka, ukanywe naye chai.

Mungu awabariki. Amina.