MAZUNGUMZO: KUFUNDISHA SUMAKU NA UMEME KWA VIFAA VYA GHARAMA NDOGO



Hadi mwaka 2022, Mkoa wa Kigoma ulipounganishwa na gridi ya taifa, miji ya Kasulu na Kibondo iliangaziwa kwa majenereta ya dizeli. Sasa umeme wa gridi umefika. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko, sawa na mwenzake wa Unguja anayepata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari, aweza kuwasha taa kila siku asijue umeme huzaliwaje. Kanuni zilizokaririwa ubaoni hazitamfunulia jambo hilo. Maonyesho matatu yatamfunulia, na hayahitaji kungojea maabara.

La kwanza: sindano isuguliwe kwa sumaku ya spika mbovu, mara nyingi na kwa upande mmoja tu, kisha ielezwe juu ya jani kavu katika bakuli la plastiki lenye maji. Itaelekea kaskazini na kusini. Waya unyooshwe juu yake kwa mwelekeo huo huo, na ncha zake ziguswe kwenye betri ya tochi kwa nukta moja. Sindano itageuka. Hayo ndiyo aliyoyatangaza Oersted wa Denmark mwaka 1820.

La pili: msumari uzungushiwe waya wenye gamba mizunguko 20, baadaye 40, na kila mara zihesabiwe pini zinazonaswa. Waya usiachwe umeungwa, kwani hupata moto na kumaliza betri.

La tatu ndilo kiini cha somo. Baiskeli yenye dainamo ipinduliwe, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likienda polepole taa hufifia. Likienda kasi taa hung'aa. Likisimama taa huzimika, ingawa sumaku ingali mle ndani. Faraday alilidhihirisha hilo mwaka 1831: sumaku iliyotulia kando ya waya haizai umeme; mwendo ndio huuzaa. Jenereta la dizeli na mtambo wa maji hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kabla ya kila onyesho, wanafunzi waulizwe watakachokiona, na majibu yaandikwe. Anayeona kinyume cha alichodhani hasahau.

Umeme wa majumbani usitumiwe kamwe katika maonyesho haya. Betri ya tochi yatosha.

Walimu Wakuu wanaombwa kuwapa walimu wa sayansi nafasi ya kuyajaribu maonyesho haya kabla ya kuingia darasani.