Kabla ya Mimba, Zungumza Kuhusu Dawa Zako
Maneno ya mazungumzo na familia za Waswahili waishio Uingereza



Kwa miaka mingi nimeketi baina ya daktari na mgonjwa, nikifikisha maneno ya huyu kwa yule. Swali moja la kliniki ya kisukari hunitaabisha kila mara: "Unapanga kupata mimba?" Mama huinamisha macho na kujibu, "Mungu akijaalia." Daktari hudhani hapangi, na mazungumzo hufungwa hapo. Ndugu zangu, kujitayarisha si kumharakisha Mola. Anayetarajia mgeni hufagia nyumba kabla hodi haijapigwa.

Moyo wa mtoto, ubongo na uti wake wa mgongo huanza kuumbika katika wiki za mwanzo, pengine mama hajatambua kwamba ana mimba. Sukari ikiwa juu wakati huo, hatari ya mimba kutoka, au mtoto kuzaliwa na kasoro, huongezeka. Ndiyo maana madaktari hapa hutaka kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu, kiwe chini ya 48 kabla ya mimba, mradi sukari isishuke kupita kiasi. Kwa hesabu ya zamani hiyo ni asilimia 6.5. Kikizidi 86, yaani asilimia 10, watakusihi usubiri na uendelee na uzazi wa mpango. Lakini asiyefika 48 asikate tamaa. Kila kinachopungua kina faida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi siku hizi ni sindano za kupunguza uzito. Wapo wanaozinunua kwa intaneti na kuzificha kwenye friji nyuma ya mtindi, daktari wao asijue. Siwalaumu: mwenye uzito mkubwa akipungua kabla ya mimba, ni kheri kwake na kwa mtoto. Lakini sindano hizi hazitumiwi katika ujauzito wala wakati wa kutafuta mimba. Anayetumia Ozempic au Wegovy huacha angalau miezi miwili kabla; wa Mounjaro, angalau mwezi mmoja; na muda wote huo hujikinga. Mounjaro tena huweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo anayevitegemea aongeze kondomu kwa wiki nne tangu aanze sindano, na wiki nne kila kipimo kinapopandishwa. Uzito ukipungua, hedhi iliyopotea huweza kurejea, na aliyedhani hazai akashtukia ni mjamzito.

Ikiwa sindano hiyo ndiyo dawa yako ya kisukari, usiiache kimyakimya. Sukari itapanda wakati ule ule unapoihitaji itulie. Mwone daktari kwanza akubadilishie. Metformini mara nyingi huendelea, nyingine nyingi huachwa na insulini ikachukua nafasi. Insulini si dalili kwamba umefika ukingoni, kama wazee wetu walivyoogopa. Huchaguliwa kwa sababu ni salama kwa mtoto. Taja pia dawa za presha, kama ramipril na losartan, na za kolesteroli, kwani nazo hubadilishwa au husimamishwa. Omba uchunguzi wa macho na figo. Na uandikiwe asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ile ya mikrogramu 400 iuzwayo dukani haimtoshi mwenye kisukari.

Nanyi waume, msiketi nje ya mlango wa daktari. Mke hawezi kupunguza wali na chai ya sukari peke yake, huku meza nzima ikitaka chapati na mama mkwe akiuliza mbona amekonda.

Mwenye mimba tayari asitafute wa kumlaumu. Aache sindano ya uzito, asiache insulini wala metformini, na ampigie daktari au mkunga siku hiyo hiyo. Kiingereza kikimkwaza, aseme tu "Swahili". Mkalimani hatozwi mgonjwa, na tunayoyasikia chumbani humo hatuyatoi nje.