Roboti za kufagia nyumba: ya bei nafuu au ya bei ghali?



Mazungumzo ya juma hili yanahusu chombo cha duara, chenye upana wa sinia dogo na kimo cha kiganja kimoja, kitambaacho chini ya makochi na vitanda kikifyonza vumbi ilhali mwenye nyumba yuko kazini au amelala. Roboti ya kufagia si kioja tena. Imo katika fleti za London, imo katika majumba ya Muscat na Dubai, na Mswahili anayeishi Minneapolis huikuta dukani karibu na pasi na mashine za kufulia. Kinachomtatiza mnunuzi ni bei. Katika rafu ile ile moja ipo ya dola 150, na hatua mbili mbele ipo ya dola 1,500. Zote ni duara, zote nyeusi au nyeupe, na maboksi yake yote yanaahidi kwamba nyumba nzima itafagiliwa. Je, anayelipa mara kumi hupata usafi mara kumi?

La, hapati. Hupata mambo mengine, na baadhi ya mambo hayo huenda asiyatake.

Tofauti hii ya bei ni ya tangu mwanzo. Mwaka 2001 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilitoa roboti iliyoitwa Trilobite, jina la mnyama wa baharini aliyetoweka duniani zamani za kale. Iliepuka viti na kuta kwa kutoa mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi wake, kama afanyavyo popo. Bei yake ilikuwa ya matajiri. Mwezi Septemba mwaka 2002 kampuni ya Kimarekani ya iRobot, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Colin Angle, Helen Greiner na Rodney Brooks, wote watu wa chuo cha MIT, ikatoa Roomba kwa dola 199. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza pia roboti za kijeshi. Roomba ya kwanza haikujua iko wapi ndani ya chumba: ilizunguka, ikafuata ukuta, ikagonga mguu wa meza, ikageuka, ikaenda upande mwingine. Hata hivyo ni hiyo ya bei rahisi iliyoingia majumbani, na yenye jina la mnyama aliyetoweka nayo ikatoweka madukani.

Chombo cha bei nafuu cha leo ni mjukuu wa Roomba ile. Kina magurudumu mawili, brashi ya katikati, vibrashi vya pembeni, kisanduku cha vumbi kinachojaa upesi, na vihisi vya miale isiyoonekana vinavyotazama sakafu ili kisiporomoke ngazini. Baadhi yake huenda ovyo ovyo. Vingine hujitahidi kwenda kwa mistari kama mkulima anayelima matuta, lakini kikishasukumwa au kikiteleza hupoteza hesabu. Katika chumba kimoja kitupu kazi yake ni ya kuridhisha kabisa. Katika nyumba ya vyumba vinne hufagia ukumbi mara tatu na kusahau chumba cha wageni, kisha betri huisha kikiwa chini ya kabati.

Chombo cha ghali hujua njia. Juu yake kina kimnara kidogo ambamo leza huzunguka mara nyingi kila sekunde, ikipima umbali wa kila ukuta na kila mguu wa kiti, na kutokana na vipimo hivyo huchora ramani. Mwenye nyumba huiona ramani hiyo katika simu yake na anaweza kuagiza: fagia jikoni tu, usikanyage mswala, usiingie chumba cha mtoto. Zamani uwezo huu uliuzwa ghali. Kampuni ya Neato ya Marekani iliuleta majumbani mwaka 2010. Mwaka 2016 kampuni ya Xiaomi ya China ikatoa roboti ya leza, iliyotengenezwa na Roborock, kwa yuan 1,699, na tangu hapo bei imezidi kuporomoka. Leo roboti yenye leza na ramani hupatikana kwa dola 250 au 300, wakati mwingine chini ya hapo.

Ndiyo maana kulinganisha dola 150 na dola 1,500 kunampoteza mnunuzi. Mpaka wa kweli upo kati ya roboti isiyo na ramani na ile yenye ramani, nao huvukwa mapema sana. Waswahili husema rahisi ghali. Msemo huo ni kweli kwa kile cha chini kabisa, lakini ukipanda ngazi moja tu huanza kupoteza nguvu.

Basi zile dola 1,000 za ziada hununua nini? Kwa sehemu kubwa hazinunui roboti, bali nyumba yake. Chombo cha ghali hurudi katika kituo chenye kimo cha ndoo kubwa, na kituo hicho hulifyonza vumbi lote na kulitia katika mfuko. Kama roboti inapiga deki, kituo hulifua tambara kwa maji ya moto na kulikausha kwa hewa ya joto. Kwa mwenye pumu hili si jambo dogo, kwa kuwa kukung'uta kisanduku cha vumbi kila siku kwa mkono ni kulirusha tena lile vumbi puani. Lakini kazi haimaliziki, huhama tu. Mfuko una bei yake. Maji machafu yakisahaulika siku nne katika joto la Ghuba hutoa harufu ambayo hakuna udi utakaoifukuza. Watengenezaji huahidi kwamba mfuko utatosha siku 60. Katika nyumba ya Muscat, pepo zinapovuma na mchanga mwembamba ukipenya hadi kwenye makabati yaliyofungwa, anayeamini hesabu hiyo atajuta.

Namba nyingine inayopambwa sana ni nguvu ya kufyonza, inayopimwa kwa paskali. Cha bei nafuu huandikwa paskali 2,000 au 5,000. Cha ghali huandikwa zaidi ya 20,000. Namba hizo hupatikana kwa kuziba mdomo wa mashine na kupima mvuto uliomo ndani, hali ambayo haitokei mashine inapokuwa sakafuni. Vumbi huondolewa na mvuto, wingi wa hewa inayopita, na brashi kwa pamoja. Juu ya vigae au marumaru, mashine ya paskali 3,000 yenye brashi nzuri huokota punje za wali na mchanga bila taabu. Ni katika mazulia mazito ya Uingereza, yaliyogandishwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, ndiko nguvu zaidi huonekana, na hata huko roboti ya ghali haijaishinda mashine ya kawaida inayosukumwa kwa mkono.

Kuna mambo ambayo majaribio ya magazeti ya Ulaya huyapita haraka, na ambayo nyumba ya Mswahili huyajua. La kwanza ni nywele. Nyumba yenye wasichana wanaosukwa kwa nywele za bandia huacha nyuzi ndefu sakafuni, na nyuzi hizo hujifunga katika brashi ya manyoya hadi isizunguke. Brashi ya mpira huvumilia zaidi, na kwa kawaida hiyo huja na vyombo vya bei ya kati na ya juu. La pili ni mapindo ya mazulia ya majlisi. Roboti yoyote, hata ya dola 1,500, huweza kuyameza mapindo hayo na kukwama ikilia. Tofauti ni kwamba yenye ramani huweza kukatazwa kupita hapo. Zulia jeusi nalo ni mtihani: vihisi vya kuzuia kuporomoka hudhani weusi ule ni shimo, na chombo husimama ukingoni kama mtu aliyefika kwenye jabali. Na viatu vilivyovuliwa mlangoni, tasbihi iliyoanguka, waya wa kuchajia simu, hivyo vyote humtaka mtu aviokote kwanza. Kamera za vyombo vya ghali hujaribu kuvitambua na kuvikwepa.

Hapo kwenye kamera ndipo penye uzito.

Mwezi Desemba mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilichapisha habari kuhusu picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za iRobot zilizokuwa katika majaribio. Picha hizo, zilizopigwa kutoka usawa wa sakafu, zilipelekwa kwa kampuni inayowalipa watu katika nchi mbalimbali ili waandike majina ya vitu vinavyoonekana: hiki kiti, hili kabati. Baadhi ya wafanyakazi hao, walioko Venezuela, walizitupia katika makundi ya mtandaoni. Moja ilimwonyesha mwanamke akiwa chooni. Kampuni ya iRobot ilieleza kwamba roboti hizo hazikuwa za kuuzwa, na kwamba watu wa nyumba hizo walikuwa wamekubali kurekodiwa. Huenda walikubali kurekodiwa. Ni vigumu kuamini kwamba yupo aliyekubali hilo la chooni.

Mwaka 2024 likaja jambo lililo karibu zaidi. Mwezi Mei, katika jimbo la Minnesota na kwingineko Marekani, roboti aina ya Deebot X2 za kampuni ya Ecovacs ya China ziliingiliwa na watu wasiojulikana, zikaanza kutoa matusi ya kibaguzi kwa sauti mbele ya familia. Shirika la utangazaji la Australia, ABC, lilizieleza habari hizo mwezi Oktoba mwaka huo. Kabla ya hapo, mwezi Agosti, watafiti wawili walikuwa wameonyesha mjini Las Vegas kwamba baadhi ya roboti za kampuni hiyo zingeweza kutekwa na mtu aliye nje ya nyumba, akatumia kamera na kinasa sauti chake. Deebot X2 haikuwa chombo cha bei nafuu. Ilikuwa miongoni mwa zile za juu.

Mgeni wa Kiswahili hupiga hodi na kusubiri aitikiwe karibu. Katika nyumba ambazo wanawake hukaa bila shela wakijua kwamba hakuna mwanamume wa nje atakayechungulia, chombo chenye jicho na mtandao kinachozunguka hadi chumbani si suala la teknolojia tu, ni suala la sitara. Hapa yule wa dola 300 amemzidi yule wa dola 1,500: leza hupima umbali wa kuta, haipigi picha ya mtu. Anayehitaji kamera kwa sababu ya watoto wanaotupa vitu sakafuni na achukue hadhari, awe na nywila isiyotumika mahali pengine, aiweke roboti katika mtandao wa wageni badala ya ule wa kompyuta zake, na milango ya vyumba vya kulala ifungwe wakati wa kufagia. Mlango ni teknolojia ya zamani ambayo bado haijadukuliwa.

Upo pia uhai wa kampuni yenyewe. Neato ilifungwa mwaka 2023. Seva zake ziliahidiwa kuendelea kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2025 wateja walitangaziwa kwamba zinazimwa mapema kuliko ilivyoahidiwa, na vyombo vilivyonunuliwa kwa mamia ya dola vikabaki kuendeshwa kwa kitufe. iRobot nayo ilikuwa inunuliwe na Amazon kwa dola bilioni 1.7, mapatano ya mwaka 2022 yaliyovunjika Januari 2024 baada ya pingamizi za Umoja wa Ulaya. Desemba 2025 ikaomba hifadhi ya mahakama ya muflisi na kutangaza kwamba itachukuliwa na Picea, kampuni ya China iliyokuwa ikiitengenezea bidhaa zake. Roboti ya dola 150 isiyojua intaneti ni nini haikutikiswa na habari hizo. Huwashwa kwa kidole, huzimwa kwa kidole.

Sifa hiyo huwahusu hasa wale wanaofikiria kumpelekea mama chombo hiki Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Kituo chenye hita kilichonunuliwa Marekani kimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na kikitiwa katika umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240 bila kibadilishaji kinachokifaa, kitaungua siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, roboti itarudi kwenye kituo kisichochaji. Vipuri vya aina zisizouzwa nchini vitasubiri msafiri mwingine. Kwa nyumba kama hiyo, yenye sakafu ya saruji au vigae, chombo kidogo chenye kitufe, brashi inayofunguka kwa mkono na chujio linalooshwa kwa maji ndicho kitakachodumu, na chaja yake ikaguliwe kama imeandikwa volti 100 hadi 240. Ngazi, tusisahau, zitaendelea kufagiliwa kwa ufagio, kwa sababu roboti za kawaida zilizoko madukani hazipandi ngazi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na achukue futi kamba apime nafasi iliyo chini ya kitanda na chini ya makochi. Chombo chenye kimnara cha leza huhitaji takriban sentimita 10, na makochi mengi ya kisasa hayana nafasi hiyo. Kisicho na kimnara huhitaji nane tu. Wenye vitanda vya samadari, vyenye miguu mirefu, hawana haja ya kupima.