Mali Bila Daftari: Funzo la Malipo ya UVIKO-19 kwa Wakulima wa Matufaha



Kaunti ya Wayne, katika jimbo la New York nchini Marekani, iko kando ya Ziwa Ontario nayo ni mashuhuri kwa mashamba ya matufaha. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofungisha shule, hoteli na mikahawa, wakulima wa nchi ile walipoteza sehemu kubwa ya soko lao. Serikali yao ikaamua kuwapa nafuu. Namna fedha hizo zilivyogawiwa ni funzo kwa kila chama cha ushirika.

Mpango wa kwanza ulitangazwa tarehe 17 Aprili, 2020. Dola bilioni 16 zilitengwa kwa malipo ya wakulima na wafugaji, na dola bilioni 3 kwa kununulia vyakula vya kuwagawia wenye shida. Ili zao lilipiwe hasara ya mauzo, ilikuwa sharti bei yake iwe imeshuka kwa asilimia 5 au zaidi tangu katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili. Matufaha hayakuingizwa katika fungu hilo. Hata hivyo, Wizara ya Kilimo iliwaalika wakulima na vyama vyao walete takwimu zao. Takwimu zilipoletwa, mwezi Julai matufaha, viazi mviringo, vitunguu saumu na mazao mengine manne yaliingizwa. Kilichofungua mlango ni hesabu zilizoandikwa.

Mpango wa pili ulitangazwa mwezi Septemba, 2020. Safari hii malipo ya matunda na mboga yalipimwa kwa mauzo ya mwaka 2019: asilimia 10.6 kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, kisha viwango vikapungua hatua kwa hatua hadi asilimia 8.8 kwa mauzo yaliyozidi dola milioni moja. Mathalani, aliyeuza matunda ya dola 40,000 alistahili dola 4,240. Aliyeuza ya dola 400,000 alistahili zaidi ya dola 39,000. Mkulima alijaza mauzo yake na kutia sahihi, lakini ofisi ilikuwa na haki ya kudai stakabadhi. Vibarua waliochuma matunda hayo hawakuwamo, kwa kuwa malipo yalikuwa ya mwenye zao.

Ni dhahiri basi kwamba nafuu ya namna hii haipimwi kwa ukubwa wa dhiki, bali hufuata mauzo yanayoweza kuthibitishwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mjane anayeuza kahawa kwa jina la marehemu mumewe, na kijana anayepimiwa pamba kwa jina la baba yake, hao mbele ya daftari hawajauza kitu. Siku ya maafa, jasho lao litalipwa kwa mwingine au lisilipwe kabisa.

Kwa hiyo, hapana budi kila katibu aandike kilo siku ile ile ya kupima, kwa jina la mlimaji mwenyewe, na kumpa stakabadhi yake. Naye mwanachama aitunze kama anavyoitunza mbegu. Leja za miaka iliyopita zihifadhiwe mahali pakavu, chini ya kufuli, kwani maafa hayatoi taarifa ya kuja kwake.