Mzee Anaposahau Njia ya Nyumbani
Hotuba kwa wananchi wa mpakani, Busia



Mmezoea kutusikia tukizungumzia magendo, wizi wa mifugo na njia za panya. Leo tumeomba nafasi tuzungumzie maradhi. Huenda mtu akauliza, polisi na maradhi wapi na wapi? Mzee aliyepotea huletwa kwetu. Bibi aliyepigwa kwa madai ya uchawi huletwa kwetu. Na shamba lililouzwa kwa kidole gumba cha mtu asiyejua leo ni siku gani, huishia kuwa jalada mezani petu. Nyuma ya mambo hayo yote huweza kuwapo ugonjwa mmoja.

Mwaka 1906, daktari Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyelazwa mjini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Mama huyo alikuwa akisahau mno, akimshuku mumewe, na akipotea hata ndani ya nyumba yake. Alipofariki, daktari aliuchunguza ubongo wake, akakuta umesinyaa, na ndani yake mna mabonge na nyuzi zilizosokotana. Siku hizi yajulikana kwamba hizo ni protini zinazojirundika kwa miaka mingi kabla ya dalili yoyote kuonekana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimensia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na fikra, na kwamba ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya hali hiyo. Wengi wao hawako Ulaya. Wako katika nchi zenye kipato kama chetu.

Basi tusikimbilie kusema, "Ni uzee tu." Mzee wa kawaida husahau alikoweka fimbo, kisha akaikumbuka. Mgonjwa huishika mkononi asijue ni ya nini. Huuliza swali lile lile mara kumi. Huficha fedha, akasahau alikozificha, akamwita mkwewe mwizi. Jua linapotua huanza kuhangaika na kutaka kwenda kwao, na kumbe yuko kwao.

Hapo ndipo mpaka unapoingia. Ugonjwa huu hula kwanza kumbukumbu za karibuni, na za utotoni hubaki kwa muda mrefu. Wasamia na Wateso wako Uganda na wako Kenya. Wengi walizaliwa upande mmoja wakaolewa au kuhamia upande wa pili. Mama wa miaka 78 asemapo anakwenda kwao, huenda anatafuta boma la baba yake ng'ambo, lililobomoka zamani. Atatoka alfajiri bila kitambulisho, na hakuna lango la forodha litakalomzuia, kwa kuwa hapiti langoni. Atapita mashambani, kwa njia aliyopitishwa akiwa msichana.

Mzee wa namna hiyo akitoweka, msisubiri saa 24. Pigeni ripoti saa ile ile, na mwenyekiti wa kijiji awaarifu wenzake wa ng'ambo. Tafuteni kwanza karibu na nyumbani: vichakani, mitaroni, kando ya mto, kisha elekeeni alikozaliwa. Msitegemee kumwita jina tu, kwani wengi wao hawaitiki. Waambieni vijana wa bodaboda mapema. Kazi hiyo ilianzia hapa hapa Busia, na wao huona barabara zote kabla yetu. Atakayemkuta asimvute wala kumkaripia. Amsalimu kama amsalimuvyo bibi yake, amkalishe kivulini, ampe maji, ndipo atoe taarifa. Nambari ya simu ya mtoto wake ikishonwa ndani ya upindo wa nguo, itafanya kazi kuliko doria zetu nyingi.

Juu ya uchawi tutasema waziwazi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati baada ya kudaiwa kuwa wachawi. Bibi anayekutwa usiku uani kwa jirani, nguo zimemdondoka, anasema peke yake, hajaja kuloga. Amepotea. Atakayemgusa kwa jiwe au kiberiti atashtakiwa, awe wa upande huu au ule, na umati si kinga.

Kuhusu ardhi, mahakama yaweza kuubatilisha mkataba uliotiwa kidole na mtu asiyeelewa anachokitenda. Mashahidi wa mauziano wafikiri mara mbili kabla ya kuandika majina yao.

Mpelekeni mgonjwa hospitali. Alzheimer haina dawa ya kuiponya, lakini kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa siku mbili tatu, mara nyingi si Alzheimer. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini, na hayo hutibika. Vilevile tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende na sonona huweza kufanana na dimensia.

Limebaki la mlezi. Kwa kawaida ni binti mmoja au mkamwana mmoja, halali usiku, na ndugu wa mjini hutuma fedha za sabuni wakaona wamemaliza. Mkutano wa ukoo ukiitishwa, tunaomba ratiba ya zamu iandikwe na wanaume nao wawemo. Mlezi aliyechoka kupita kiasi ndiye afungaye mzee kamba kitandani, na hilo nalo tumeitwa kulitazama. Ombeni msaada kabla ya kufika huko. Mwenye mzee anayetangatanga na aje kituoni wiki hii na picha yake, jina la kijiji alikozaliwa na jina la babake.