Mizani ya Majani na Mizani ya Watu

Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet waijua mizani kuliko watu wengi. Majani mabichi hufikishwa kituoni, karani huyapima, uzito wa gunia hutolewa, naye mwenye chai husimama karibu akitazama, maana kilo iliyopunjwa ni fedha yake. Watu wa namna hiyo hawatashindwa kuelewa kazi ya kupima uzito wa raia, ambayo wengine huidhania kuwa ni upelelezi.

Mwaka 1931 ilitolewa ripoti ya mabwana Orr na Gilks juu ya chakula na afya katika Kenya. Ilionyesha kwamba wanaume wa Kimaasai waliwazidi wa Kikuyu kwa ratli 23 hivi. Lakini ilihusu makabila mawili tu; haikuweza kuisemea nchi nzima.

Uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuwa wa namna nyingine. Wizara ya Afya na Shirika la Taifa la Takwimu walichagua watu wapatao 4,500, wake kwa waume, wa miaka 18 hadi 69, wa mijini na wa mashambani. Waliulizwa juu ya chakula chao, kisha wakapimwa urefu, uzito na kiuno. Katika kila watu 100, watu 27 walionekana wamezidi uzito. Wanawake ni 38 na zaidi kidogo, wanaume 17 na zaidi kidogo.

Hesabu hiyo ingeweza kupotoka kwa urahisi. Wapimaji wakifika kwenye kambi ya wachuma chai saa nne asubuhi, watawakuta nani? Wazee, wagonjwa, na mwenye duka. Hao si sawa na yule ashindaye akipanda na kushuka mitelemko, kikapu mgongoni. Wakipimwa wao peke yao, mchumaji atakuwa kama hayumo nchini. Ndiyo sababu nyumba huchaguliwa kwa kura, na mtu mmoja ndani yake kwa kura vilevile. Asipokuwapo, yawapasa wapimaji kurudi. Jirani hawezi kushika nafasi yake, hata akiwa mcheshi na yu tayari.

Viatu na koti huvuliwa, kama gunia linavyotolewa katika uzito wa majani. Kisha kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 akifika kilo 64 amefikia 25, ndipo uzito unapoanza kuzidi. Akifika kilo 77 amepita 30, nao ni unene wa hatari. Akiwa na kilo 47 amepungukiwa.

Wako wanaokiona kitambi kuwa ni heshima. Madaktari hukitazama kwa macho mengine, kwa ajili ya shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Tena uchunguzi huo ulionyesha kwamba watu wapatao 94 katika 100 hawakula matunda na mboga za kutosha. Hayo ni ya Kenya nzima. Lakini penye mvua nyingi kama Kericho, shamba likijazwa chai mpaka mlangoni, hata sageti na mnavu hununuliwa sokoni.

Mama mja mzito uzito wake hautiwi katika hesabu ya unene, kwa kuwa hapo mizani hupima watu wawili.