Kifafa na Usemi wa Mtoto

Kifafa hakiishii kwenye kuanguka na kutetemeka. Kinaweza kuvuruga pia sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, aghalabu upande wa kushoto: mtoto akachelewa kusema, akasahau majina ya vitu, au akaelewa nusu ya anachoambiwa. Mwaka 1957 wataalamu wa Marekani, Landau na Kleffner, walieleza aina adimu ambayo mtoto aliyekwisha kusema hupoteza lugha, pengine bila degedege la wazi. Hudhaniwa kiziwi, kumbe masikio ni mazima.

Kandokando ya Mlima Meru, Arusha, upimaji wa usemi wa mtoto una mtego wake. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha anaweza kunyamaza darasani kwa sababu tu Kiswahili bado ni kigeni kwake. Anayekwama hata katika lugha ya nyumbani ndiye wa kupelekwa Hospitali ya Mount Meru mapema. Uchunguzi zaidi hufanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Dawa za kifafa nazo zina sehemu yake. Fenobabito, ya bei nafuu na inayotumika sana, yaweza kumsinzisha mtoto na kupunguza umakini. Hilo aambiwe daktari. Kuikatisha ghafla nyumbani huweza kuleta degedege lisilokoma.